Kitabu cha Ng'ombe Wekundu

Baba aliandika kwa wino.
Kila ndama aliyedondoka kwenye baridi ya Agosti,
ng'ambo hii ya mto Tacuarembó,
aliingia kitabuni kabla hajakauka:
jina, siku, mama, baba wa mama,
wekundu wa mwili, weupe wa uso.
Miaka hamsini na minne, mbari moja,
kama watu waliokataa kuoa nje ya kijiji.

Niliyajua majina yao kabla ya majina ya shangazi zangu.
Golondrina alimzaa Malva, Malva akamzaa Serrana,
Serrana akamzaa Serrana wa Pili,
ambaye jua lilimla jicho.

Hilo halimo kitabuni.
Kope nyeupe hazina kivuli.
Uvimbe ulianza kama punje ya mtama,
ukawa zabibu, ukawa kidonda chenye nzi,
na asubuhi moja baba akachukua bunduki,
akarudi, akanawa mikono mara mbili,
akamimina maji ya moto kwenye kibuyu cha majani machungu
akanywa peke yake. Hakunipitishia.

Mwaka huo nilimleta dume mweusi wa Etchart.
Sikuomba ruhusa. Nilimlipa kwa nguzo za uzio
thelathini na mbili, na siku mbili za kuzichimbia.
Hakuwa na pembe, hakuwa na haraka,
shingo kama gunia lililonyeshewa.
Baba alisimama langoni, akasema,
"Mwacha asili, Zulma,"
akaniachia nimalizie mwenyewe.

Ndama walikuja weusi, nyuso nyeupe,
na kuzunguka kila jicho, duara la giza
kama mtu aliyepakwa wanja usingizini.
Walisimama upesi. Walinyonya kwa fujo.
Machi, tulipowaachisha ziwa, mizani ilisema
kilo mia moja tisini na nane, mia mbili na tatu;
wekundu wa kitabuni, mia moja themanini na moja.
Mizani ya chuma haiulizi nasaba.

Nilimpa karatasi. Akaisoma ameishika mbali.
"Na mitamba hawa," akauliza, "utawapa dume gani?
Mwekundu? Mweusi? Au wa tatu, yule mwenye nundu wa Brazili?
Nguvu hii ni ya mkopo, binti.
Chotara wa chotara kila uzao anapungukiwa kidogo,
hadi anarudi kuwa ng'ombe tu.
Na ukishawamaliza wangu, utachanganya nini na nini?"

Sikuwa na jibu. Hata leo ninalo nusu.
Nilitaka kumkumbusha bibi yake,
aliyevuka mpaka na lugha mbili mdomoni,
asiyeandikwa na padri wala karani,
ila pua yake imebaki kwenye nyuso zetu sote.
Sikumkumbusha. Pua zenyewe zilikuwepo mezani,
mbili, zikipulizia supu.

Nilitenga majike arobaini, malisho ya juu, penye mawe,
kwa dume mwekundu peke yake.
Si kwa heshima, nilimwambia. Kwa hesabu:
hakuna mseto bila vya kuseta.
Alitikisa kichwa kama anayekubali bei mbaya.

Agosti hii, usiku wa sakitu, niliamka
nikakuta kitanda chake kimepoa.
Alikuwa bandani na taa, bila koti;
koti lilikuwa juu ya ndama,
naye anamsugua kwa nyasi kavu, akimtukana kwa upendo.
Mweusi. Uso mweupe.
Akauvuta ukope wa chini kwa kidole gumba,
akasogeza taa, akakaa hivyo kitambo kirefu.
"Nyeusi," akasema. "Hadi ndani."

Alfajiri alifungua kitabu.
Akachonga penseli kwa kisu cha kukatia kamba,
akaandika siku, akaandika mama,
penye baba akaandika *wa Etchart*,
kisha akaupuliza ukurasa, kwa mazoea,
kana kwamba kulikuwa na wino wa kukausha.